Speke na namba za Mwanza: futi 3,740 zilizozua ugomvi juu ya ziwa letu

Mwezi uliopita tulikosea hewani, na kosa lenyewe lilikuwa la namba moja tu. Tuliletewa tangazo la mkutano wa wavuvi, limeandikwa kwa Kiingereza, na mahali pa saa pameandikwa 3:00. Tukasoma saa tatu. Wavuvi wakafika mwaloni saa tatu asubuhi, wengine wameacha nyavu bila kuzianika, wakakaa juani hadi saa tisa alasiri, maana hiyo ndiyo saa aliyoikusudia aliyeandika tangazo. Simu tulizopokea siku hiyo hazikuwa za kuomba wimbo.

Ukiitazama ile tarakimu, haina kosa. Tatu ni tatu. Ila aliyeandika alianza kuhesabu saa zake jua likiwa utosini, na sisi tukaanza kuhesabu tangu lilipochomoza. Tulitakiwa kuuliza kabla ya kusoma, hatukuuliza. Kosa ni letu na tumeshaomba radhi.

Baada ya hapo tuliahidi kuandika kuhusu namba na namna watu wanavyoziandika na kuzihesabu. Tungeweza kuanzia mbali, Babeli au India. Tumeona tuanzie hapa hapa Mwanza, na mtu aliyefika mwaka 1858 akiwa na kipimajoto, daftari na sufuria ya kuchemshia maji. Ni John Hanning Speke. Shuleni tulifundishwa kwamba aligundua Ziwa Victoria, jambo ambalo Wasukuma, Wakerewe, Wazinza na Wajita waliokuwa wakivua humo tangu enzi za mababu wangelishangaa. Ubishi huo wasikilizaji wetu wanaujua, hatutaurudia. Tutafuata namba zake, kwa sababu ndizo zilizompa sifa, na ndizo zilizokuwa zikimsubiri mezani siku aliyokufa.

Mwindaji aliyependa ramani

Speke alizaliwa tarehe 4 Mei 1827 katika mkoa wa Devon, kusini magharibi mwa Uingereza, kwenye familia ya watu wenye ardhi. Shule haikumnogea. Mwaka 1844, akiwa na miaka 17, alipelekwa India kwenye jeshi la Kampuni ya Mashariki ya India. Huko alipigana vita vya Punjab, na kila alipopata likizo alipanda milima ya Himalaya hadi upande wa Tibet, akiwinda na kuchora ramani za mahali alipopita. Alijifunza kupima kwa vyombo. Alijifunza pia Kihindustani, lugha iliyokuja kumfaa sana Afrika, kwa njia ambayo huenda hakuitarajia.

Mwaka 1854 alikutana Aden na Richard Burton, ofisa mwenzake wa jeshi, mwenye lugha nyingi na ulimi mkali zaidi. Safari yao ya kwanza ilikuwa Somalia, nayo iliisha vibaya. Aprili 1855, karibu na Berbera, kambi yao ilishambuliwa usiku. Burton alichomwa mkuki uliopita shavu moja ukatokea la pili. Speke alikamatwa, akafungwa, akachomwachomwa mkuki mwilini mara kadhaa, mapajani pia, kisha akachomoka mbio na vidonda vyake na kukimbilia pwani. Mtu mwingine angesema Afrika basi. Yeye baada ya mwaka mmoja na miezi kadhaa, Desemba 1856, alikuwa Zanzibar na Burton yule yule, wakijiandaa kwenda bara kutafuta maziwa makubwa na chanzo cha mto Nile.

Waliondoka pwani Juni 1857. Walifika Kaze, yaani Tabora ya leo, mwezi Novemba, na Ujiji Februari 1858. Speke alifika Tanganyika akiwa karibu kipofu kwa ugonjwa wa macho; wenzake waliona ziwa, yeye akaona ukungu. Akiwa huko huko mdudu alimwingia sikioni usiku, akajaribu kumtoa kwa kisu kidogo, sikio likaoza na kusikia kukapungua. Tunayataja haya kwa sababu mtu aliyefika Mwanza miezi michache baadaye kupima ziwa alikuwa na jicho bovu na sikio bovu, na vyombo vyake vingi vilikuwa vimeharibika njiani.

Msafara wenye hesabu nyingi

Tukisoma habari za misafara ya zama zile, kinachotushangaza ni wingi wa hesabu zilizotembea pamoja kwenye njia moja.

Ofisa wa Kiingereza alihesabu kwa kumi, lakini vipimo vyake havikufuata kumi. Futi ilikuwa na inchi 12, yadi futi 3, na maili yadi 1,760. Ratili yake ilikuwa na wakia 16. Kipimajoto chake kilikuwa cha Fahrenheit, ambapo maji huganda kwenye 32 na kuchemka kwenye 212, kwa hiyo kati ya barafu na mvuke kuna hatua 180. Na alipopima nyota ajue yuko wapi duniani, aliandika kwa digrii zilizogawanywa dakika 60, na dakika ikagawanywa sekunde 60. Hesabu hiyo ya sitini ni ya Wababeli wa Iraki ya kale, umri wake ni karibu miaka 4,000, na bado iko kwenye saa ya ukutani kwako.

Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili wa Kaze walikuwa na daftari zao, zimeandikwa kwa tarakimu ambazo mgeni angeweza kuzikosea vibaya. Kwenye mwandiko wao sifuri ni nukta, na kiduara ni tano. Mzungu asiyejua akiona kiduara angesoma si kitu, huku mwenye duka anadai tano. Mwaka wao nao ulikuwa mwingine. Agosti 1858 ilipoanza, kwao ulikuwa ukimalizikia mwaka 1274, na kabla mwezi huo haujaisha ukaanza 1275. Ajabu ni kwamba tarakimu za Speke Wazungu waliziita za Kiarabu, na Waarabu wenyewe waliziita za Kihindi. Zilitoka India, nchi ile ile alikotoka Speke, zikapita Baghdad kabla ya kufika Ulaya. Neno letu sifuri lilipita njia hiyo hiyo.

Wapagazi na watu wa vijijini nao walikuwa na hesabu yao. Nguo ilipimwa kwa mkono wa mtu, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Mikono minne ni shuka, shuka mbili ni doti. Ushanga ulihesabiwa kwa khete, na khete kumi zikafanya fundo moja. Pembe na mizigo mizito ilipimwa kwa frasila, ratili 35 hivi, kama kilo 16 za leo. Aliyetaka kupita kwenye nchi ya mtemi fulani alipaswa kujua hongo yake ni doti ngapi, na doti hiyo ni ya mkono wa nani, maana mikono hailingani. Ndiyo maana mnunuzi hodari alikuja na rafiki mrefu.

Na lugha zenyewe? Kiswahili kina moja hadi tano, nane na kumi zenye asili ya Kibantu, kikaazima sita, saba na tisa kwa Waarabu. Kisukuma hakikuhitaji kuazima. Tisa ni kenda, neno ambalo hata Kiswahili cha zamani kilikuwa nalo. Speke hakujua Kiswahili cha kutosha. Alizungumza Kihindustani na kiongozi wake Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani utotoni, akaishi India miaka mingi, kisha akarudi Afrika mtu huru. Bombay aligeuza Kihindustani kuwa Kiswahili, na mwingine akageuza Kiswahili kuwa lugha ya wenyeji. Kila namba aliyoipata Speke kwa kuuliza ilikuwa imepita midomo mitatu.

Siku chache Mwanza

Burton alikuwa mgonjwa, akabaki Kaze na rafiki zake Waarabu. Hao Waarabu ndio waliowaambia kwamba kaskazini kuna ziwa kubwa kuliko Tanganyika. Julai 1858 Speke akaondoka na Bombay, wapagazi na walinzi Wabaluchi. Mwisho wa mwezi waliona mkono wa maji unaoingia nchi kavu, wakaufuata kaskazini. Tarehe 3 Agosti alipanda kilima kidogo, akaliona ziwa limetandaa mbele yake na visiwa vyake. Kilima akakiita Somerset, jina la mkoa wa nyumbani kwao, na ziwa akaliita kwa jina la malkia wake. Jina la kilima halikudumu. Leo ukiuliza Mwanza Somerset iko wapi, utaelekezwa kwenye duka la nguo au hutaelekezwa kabisa. La ziwa limedumu.

Alitaka kujua mambo mawili: ziwa lina urefu gani kwenda kaskazini, na uso wake uko juu kiasi gani kutoka bahari.

La kwanza aliuliza watu. Aliletewa mtu aliyesifiwa kuwa ametembea kuliko wote pale. Yule mzee, kama Speke mwenyewe alivyosimulia baadaye, aligeukia kaskazini, akatikisa kichwa, akarusha mkono mbele huku akialisha vidole, akirudia rudia, kuonyesha kitu kisicho na kipimo. Alimaanisha kwamba hakuna ajuaye, na pengine maji yale yanakwenda mpaka mwisho wa dunia. Sisi tunaona hilo lilikuwa jibu la mtu mkweli. Hakuwa na namba, hakubuni namba. Alitumia ishara ambayo hata leo mtu wa kanda ya ziwa akiulizwa bei ya sangara wa kusafirishwa nje anaweza kuitumia. Speke kwenye daftari hakuwa na mahali pa kuandika vidole. Akajaza pengo kwa imani: ziwa ni moja, ni kubwa sana, na Nile inatokea humo.

La pili hakumuuliza mtu. Alichemsha maji.

Njia hiyo inahitaji maelezo kidogo. Kadiri unavyopanda juu, hewa inayotugandamiza hupungua, na maji huchemka mapema, kabla hayajapata moto kamili wa pwani. Dar es Salaam maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Hapa Mwanza ni kama 96. Wapishi wa Njombe na Mbeya wanalijua hili bila kipimajoto, kwa namna maharage yao yanavyochelewa kuiva. Kwa hiyo ukitumbukiza kipimajoto kwenye maji yanayochemka, ukasoma digrii, ukaenda kwenye jedwali, unapata mwinuko. Digrii inageuka kuwa futi. Ni kama kubadilisha fedha: unatoa ya aina moja unapewa ya aina nyingine, na ukikosea kidogo dirishani, unakosa nyingi mfukoni.

Speke alipata futi 3,740. Kwa vipimo vyetu ni mita 1,140. Leo, kwa vyombo vya kisasa, uso wa Ziwa Victoria unajulikana kuwa takriban mita 1,134 juu ya bahari, yaani futi 3,720 hivi. Alikosea kwa futi 20, urefu usiofika nguzo ya umeme. Kwa mtu mwenye macho mabovu, sufuria na kipimajoto kilichopona safari ya mwaka mzima, ni kazi ya kuvuliwa kofia.

Au ilikuwa bahati? Tunasita, kwa sababu miezi michache kabla, kwa njia hiyo hiyo, yeye na Burton walipima Ziwa Tanganyika wakapata kama futi 1,850. Ukweli ni mita 773, zaidi ya futi 2,500. Huko walikosea kwa karibu futi 700, msafara ule ule, wapimaji wale wale. Mwanza sufuria ilimpendelea.

Agosti 25 alikuwa amesharudi Kaze, akamwambia Burton kwamba chanzo cha Nile kimepatikana. Burton hakukubali. Kwake yeye, siku chache juu ya kilima na digrii za maji yaliyochemka havitoshi kufunga swali lililowashinda watu tangu enzi za Mafarao. Wawili hao walisafiri hadi pwani bila kulitaja sana jambo hilo, kama mume na mke waliogombana wakiwa ugenini.

Ziwa moja, namba mbili

Speke alitangulia kufika London, Mei 1859, akaenda moja kwa moja kwa wakubwa wa Chama cha Kifalme cha Jiografia. Burton alipofika siku kadhaa baadaye, alikuta safari ya pili imeshaahidiwa, naye hayumo. Urafiki uliishia hapo.

Safari hiyo Speke alikwenda na James Augustus Grant, mwanajeshi mwenzake wa India, na Bombay akawa nao tena. Waliondoka Zanzibar mwaka 1860, wakapita magharibi ya ziwa, Karagwe kwa mfalme Rumanyika, kisha Buganda kwa Kabaka Mutesa mwanzoni mwa 1862. Njia yao ilikwenda mbali na ufuko, hivyo sehemu kubwa ya ziwa hawakuiona. Tarehe 28 Julai 1862 Speke, bila Grant, alisimama kwenye maporomoko karibu na Jinja ya leo, akaona maji yakitoka ziwani kuelekea kaskazini. Aliyaita Ripon. Hapo alikuwa sahihi kabisa, na historia imempa haki yake.

Lakini pale Ripon alipima tena mwinuko, na namba ikaja 3,308.

Hebu tusimame hapa, maana hapa ndipo palipomponza. Maji ya ziwa husimama sawa. Mwanza na Jinja ni fukwe mbili za bakuli moja. Upande mmoja hauwezi kuwa juu ya mwingine kwa futi 432, ambazo ni mita 130 na zaidi. Kama namba zote mbili ni za kweli, basi si ziwa moja. Ni mawili, au matatu, na kati yao kuna mto au nchi kavu. Burton aliliona hilo haraka, akaliweka kwenye hoja zake dhidi ya Speke, na wataalamu wa ramani waliokuwa hawajawahi kukanyaga Mwanza wala Jinja wakaanza kulikatakata ziwa vipande kwa kalamu.

Sisi tulikaa na karatasi tukajaribu kujua futi 432 ni digrii ngapi za kipimajoto. Kwa mwinuko kama wetu, digrii moja ya Fahrenheit ya maji yanayochemka ni kama futi 540. Kwa hiyo tofauti yote ile, iliyotosha kugawa Ziwa Victoria, haifiki digrii moja. Ni upana wa mstari mmoja kwenye kioo, pengine chini yake, usomwe na mtu anayepepesa macho kwenye moshi wa kuni. Angeandika digrii na kuachia hapo, kila mtu angeona kwamba masomo yake mawili yanakaribiana mno. Yalipogeuzwa kuwa futi, pengo likaonekana kama mlima. Hapo ndipo tunapomhurumia, na hapo hapo ndipo tunapomlaumu: alichapisha futi hadi tarakimu ya mwisho kana kwamba chombo chake kingeweza kuona hata futi nane za 3,308. Angesema kati ya futi 3,200 na 3,800, angekuwa na ukweli mfukoni, na Burton angekosa pa kushika.

Septemba mwaka 1864

Mwaka 1863 Speke alirudi Uingereza akipokelewa kama shujaa, akachapisha kitabu cha safari yake mwaka huo huo. Sifa hazikudumu. Alikuwa mgumu wa maneno, akajibu wapinzani kwa hasira, na namba zake nyingine nazo zikachambuliwa. Chama cha uendelezaji wa sayansi kikapanga mkutano katika mji wa Bath, na tarehe 16 Septemba 1864 Speke na Burton walitakiwa kukaa jukwaa moja na kujadiliana mbele ya watu.

Mchana wa tarehe 15 Speke alikwenda kuwinda kwenye shamba la ndugu zake, si mbali na Bath. Alipokuwa akivuka ukuta mfupi wa mawe bunduki yake ililia, risasi ikamwingia kifuani chini ya kwapa. Alikufa kabla daktari hajafika. Alikuwa na miaka 37. Baraza la uchunguzi lilisema ni ajali. Wako waliosema, na bado wako wanaosema, kwamba alijiua kwa kuogopa mdahalo. Sisi hatuoni sababu ya kulipindua baraza lile. Mtu aliyewinda tangu ujana na bado akavuka ukuta na bunduki iliyoshindiliwa si jambo geni kwa wanaojua silaha. Mkutano wa kesho yake uligeuka kuwa wa rambirambi. Alizikwa Dowlish Wake, kijiji cha Somerset, na baadaye nguzo ya ukumbusho ikasimamishwa London.

Swali lake lilibaki wazi miaka kumi zaidi. Lilikuja kujibiwa kutoka huku kwetu. Machi 1875 Henry Morton Stanley aliondoka Kageye, si mbali na Mwanza, kwa mashua aliyoileta vipande vipande mabegani mwa wapagazi. Alifuata ufuko, ukiwa mkono wake wa kulia, mpaka Buganda, akashuka upande wa pili, na mwanzoni mwa Mei akarudi Kageye kwenye mchanga ule ule. Kama ufuko unaoufuata unakurudisha ulipoanzia, na maji yamekuwa upande mmoja muda wote, ziwa ni moja. Hapakuhitajika maji ya kuchemsha wala jedwali. Yule mzee wa vidole alikuwa amekosea kidogo tu. Maji yalikuwa na mwisho, ila ulikuwa mbali kweli.

Stanley ndiye aliyeupa jina la Speke mkono mkubwa wa ziwa unaoingia mashariki, kati ya Ukerewe na nchi kavu, hadi karibu na mbuga za Serengeti. Wavuvi wa Magu, Busega na Bunda hutega humo kila usiku, na wengi wao tumewauliza Speke ni nani. Wamejibu ni ghuba.

Humo ghubani sasa kuna simu, na simu zimeleta namba kwa mifumo miwili tena. Ramani za karatasi huandika Mwanza kuwa latitudo 2°31′ kusini na longitudo 32°54′ mashariki, kwa ile sitini ya Wababeli. Simu nyingi huandika kwa kumi: 2.52 na 32.90. Ni mahali pale pale. Lakini mtu akichukua 2°31′ akaiandika kwenye simu 2.31, na 54 akaiandika .54, mshale unahama zaidi ya kilomita 40 kuelekea kaskazini magharibi. Kwa mkutano wa wavuvi kosa la namba ni kukaa juani saa sita. Kwa mtumbwi uliozimika injini usiku wa dhoruba, wenye kwenda kuokoa wanafika mahali ambapo hakuna mtu.

Studio yetu imebandika karatasi juu ya kipaza sauti. Safu ya kushoto ina saa kama zinavyoandikwa ofisini, 3:00, 4:00, 5:00, na ya kulia tunavyopaswa kusoma: saa tisa, saa kumi, saa kumi na moja. Chini yake tumeongeza mstari wa pili, kwa kalamu nyekundu: mtu akituma mahali alipo, muulize kwanza kama nyuma ya nukta ni dakika au ni sehemu za mia.